Taya Lililokua Kupita Kiasi na Uso Uliopinda: Mwongozo Kamili kwa Mgonjwa wa Nyanda za Juu Kusini

Mama mmoja kutoka upande wa Tukuyu alimleta binti yake wa miaka 19 akiwa na swali moja tu: "Daktari, hili taya linakatwa lini?" Sikumjibu papo hapo. Nilimwomba picha za zamani, na kwa bahati alikuwa nazo ndani ya bahasha ya kaki, zimechanganyika na cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki. Tulizipanga mezani kwa mfuatano wa miaka: ya darasa la saba, ya kidato cha pili, ya kidato cha nne, na nakala ya kitambulisho cha taifa. Katika picha ya kwanza ncha ya kidevu ilikuwa chini ya pua moja kwa moja. Kidato cha pili ilikuwa imeanza kuelekea kushoto. Kidato cha nne mtu hakuhitaji kuonyeshwa. "Kwa hiyo upande wa kushoto ndio mbovu," alisema. "Hapana, mama," nilimjibu, "wa kushoto unasukumwa tu. Anayesukuma ni wa kulia."

Swali lake la "lini" ndilo lililo gumu kuliko yote katika tiba hii. Daktari anaweza kujua vizuri sana mahali pa kukata, lakini akikata wakati mfupa bado unakua, mgonjwa huweza kurudi baada ya mwaka mmoja au miwili akiwa na sura ile ile aliyokuja nayo, safari hii na makovu ndani ya kinywa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya hatua zinazofuata hutangulia kisu.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni ukuaji wala si uvimbe

Taya kubwa si lazima liwe taya lililokua. Hapa Tanzania kuna uvimbe uitwao ameloblastoma, unaotokana na chembe zinazohusika na kutengeneza jino, nao huonekana mara kwa mara katika kliniki za kinywa. Hukua polepole, hauumi, na kwa sababu hauumi watu hukaa nao kwa miaka. Si saratani kwa maana ya kawaida, lakini hula mfupa na hurudi ukikwanguliwa juu juu, hivyo tiba yake ni kuondoa sehemu ya taya pamoja na ukingo wa mfupa mzima wa takribani sentimita moja hadi mbili, kisha kujenga taya upya. Hiyo ni safari nyingine kabisa, tofauti na tunayoieleza hapa.

Namna ya kutofautisha si ngumu sana kwa macho yaliyotulia. Taya lililokua kupita kiasi hubaki na umbo la taya: ni refu au limeshuka, lakini ukilipapasa kwa vidole ukingo wake ni laini na unaendelea bila kukatika. Uvimbe huwa na kitovu, yaani mahali fulani pametutumka kuliko pengine, meno ya hapo hulegea au kusogeleana, na wakati mwingine mfupa hubonyea ukiukandamiza. Mtoto ambaye shavu lake linavimba kwa wiki chache tu, meno yakalegea na homa ikawapo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa limfoma ya Burkitt, saratani ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza akiwa Uganda mwaka 1958, huanzia sana kwenye mataya ya watoto na hukua kwa kasi, lakini huitikia dawa vizuri ikiwahiwa. Kama uso umepinda ghafla, jicho halifumbi na mdomo umevutwa upande mmoja, tatizo ni la neva au la kiharusi wala halihusu mfupa. Hapo pia ni hospitali mara moja.

Baada ya kuondoa hayo, angalia kidevu kimeelekea wapi. Upande mmoja wa taya ukikua kupita kiasi, kidevu husukumwa kwenda upande wa pili. Upande mmoja ukishindwa kukua, kwa mfano baada ya mtoto kuangukia kidevu akapata jeraha kwenye kiungo, au baada ya usaha wa sikio uliosambaa hadi kwenye kiungo cha taya, kidevu huvutwa kuelekea upande huo huo wenye hitilafu, na mara nyingi kinywa hakifunguki vizuri. Picha mbili zinaweza kufanana kabisa ukizitazama kwa mbali, na tiba zake ni kinyume.

Pande zote mbili za taya la chini, kulia na kushoto, zinapokua sawasawa kupita kiasi, uso haupindi bali kidevu hutokeza mbele na meno ya chini huyapita ya juu. Hali hii huweza kurithiwa, na kwa kijana ni jambo la kawaida kuliona kwa baba au shangazi. Kwa mtu mzima wa miaka 30 au 40 ambaye kidevu chake kinaanza kutokeza sasa, pete hazivuki tena vidole na viatu vya zamani vinabana, kitafutwe chanzo kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, ambayo huweza kuwa na uvimbe unaomwaga homoni ya ukuaji. Mtu huyo hapasuliwi taya kabla tezi haijatibiwa.

Nisiache kulitaja hili, kwa sababu nakutana nalo kila msimu: wapo wanaoambiwa wametupiwa kitu, wakachanjwa chale juu ya shavu. Sina ugomvi na maombi ya mtu yeyote. Ugomvi wangu ni na miezi inayopotea na ngozi ya uso inayoachwa na makovu ambayo hakuna upasuaji wa mfupa utakaoyafuta.

Hatua ya pili: anza kumbukumbu nyumbani

Kumbukumbu nzuri huokoa muda kuliko barua ndefu ya rufaa. Kusanya picha zote zinazoonyesha uso kwa mbele, kuanzia umri wa miaka kumi na kuendelea, na uandike nyuma ya kila moja mwaka iliopigwa. Kisha anza kupiga picha mpya kila baada ya miezi mitatu kwa utaratibu usiobadilika: simama mbele ya ukuta mweupe mchana, nywele zirudishwe nyuma, masikio yote yaonekane, na mtu mwingine ashike simu usawa wa macho yako akiwa umbali wa mita moja na nusu au zaidi. Usijipige mwenyewe kwa mkono ulionyooshwa, kwa kuwa kamera iliyo karibu hukuza pua na kidevu, na simu nyingine hugeuza kushoto kuwa kulia. Piga picha tatu: ya mbele mdomo ukiwa umefungwa, ya mbele ukitabasamu meno yaonekane, na ya ubavu.

Kuna kipimo kingine ambacho mimi hukifanya kliniki kwa kijiti bapa cha mbao, kile tunachotumia kukandamiza ulimi, na kijiti cha aisikrimu kilichooshwa hufanya kazi ileile. Mgonjwa anakaa wima, anang'ata kijiti kikiwa kimelala kukingama mdomo, kutoka magego ya kulia hadi ya kushoto, nawe unasimama mbele yake ukilinganisha ncha mbili za kijiti na mboni mbili za macho. Kwa binti wa Tukuyu ncha ya kulia ilikuwa imeshuka kiasi cha unene wa kalamu. Mama yake, ambaye mpaka hapo alikuwa akitazama kidevu tu, aliinama, akafumba jicho moja kama fundi anayekagua mlango, akasema, "Kumbe na meno yamelala." Maana yake ni kwamba taya la juu nalo lilikuwa limeshuka kulifuata la chini upande ule, na kwamba kunyoosha kidevu peke yake kusingetosha.

Tofauti ndogo isikutie hofu. Hakuna binadamu mwenye uso uliolingana kabisa, na kidevu kilichosogea milimita mbili tatu hakionekani kwa mtu asiyekitafuta kwa rula.

Hatua ya tatu: rufaa na gharama

Mlango wa kwanza ni kliniki ya kinywa na meno ya hospitali ya wilaya au hospitali ya rufaa ya mkoa, iwe Iringa, Njombe au Songwe, na kutoka hapo Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Upasuaji wenyewe wa kupanga mataya unahitaji daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso akifanya kazi pamoja na daktari bingwa wa kupanga meno, na mabingwa hawa ni wachache nchini na wengi wao wako Dar es Salaam, ambako Muhimbili ndiyo kituo kikuu. Kwa hiyo jiandae kisaikolojia na kimfuko kwa safari zaidi ya moja. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, na kutoka Iringa ni kama 500.

Mwenye bima aombe jibu la maandishi, kabla ya kuanza, kuhusu vitu vinne ambavyo huhesabiwa kila kimoja peke yake: picha na vipimo, bresi (nyaya za kunyoosha meno), upasuaji pamoja na kulazwa, na mabamba na skrubu za kufungia mfupa. Kosa ninaloliona ni la mtu kuuliza kama "taya" linalipiwa, akaambiwa ndiyo, kisha akakwama kwenye bresi. Barua ya rufaa ieleze kwamba mgonjwa hawezi kutafuna au kuuma vizuri, kama ndivyo ilivyo, kwa sababu tatizo la kazi ya kinywa hupokelewa tofauti na ombi la sura. Asiyekuwa na bima aonane na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema, asisubiri siku ya kulazwa.

Hatua ya nne: kujua kama mfupa bado unakua

Kwenye kila ncha ya juu ya taya la chini, mbele ya tundu la sikio, kuna kichwa cha mviringo kinachoingia kwenye kiungo; madaktari hukiita kondile. Weka kidole hapo, fungua na ufunge kinywa, utakisikia kikitembea. Hicho ndicho kiwanda kikubwa cha urefu wa taya. Kwa kawaida viwanda viwili hufanya kazi kwa kasi moja na hufungwa karibu wakati mmoja, kwa wasichana mapema kidogo na kwa wavulana baadaye, wengine wakikaribia miaka 20. Katika ugonjwa tunaouzungumzia, kimoja hakifungwi. Huanza mara nyingi katika umri wa kubalehe, huendelea hadi miaka ya ishirini na kitu, na huonekana zaidi kwa wanawake.

Mwaka 1986 watafiti Obwegeser na Makek waligawanya hali hii katika namna mbili ambazo bado zinatusaidia. Katika namna ya kwanza taya hurefuka kwa ulalo: kidevu huenda upande wa pili na meno ya chini hupishana na ya juu. Katika namna ya pili hukua kwa wima: shavu la upande ule hushuka, ukingo wa taya huning'inia, na ama meno ya upande huo hayakutani, ama taya la juu hushuka kuyafuata, kama ilivyokuwa kwa binti yule. Wapo walio na mchanganyiko.

Kipimo cha kwanza ni eksirei ya panorama, inayoonyesha taya lote kwa mkupuo mmoja pamoja na vichwa vyake viwili. Hufuata eksirei za kichwa za ubavu na za mbele ambazo hupimwa kwa pembe na milimita, chapa za meno zinazomiminiwa plasta, na mwishoni CT-Scan. Hizi zote huonyesha umbo. Hazionyeshi kama kazi inaendelea.

Njia ya kwanza ya kulijua hilo ni subira: eksirei na plasta hurudiwa baada ya miezi sita hadi kumi na miwili na kulinganishwa. Njia ya pili ni skani ya mifupa, ambapo mgonjwa huchomwa sindano ya kiasi kidogo cha dawa yenye mionzi ya teknesiamu-99m, ambayo hukusanyika pale mfupa unapojengwa, kisha mashine huhesabu kila kondile imevuta kiasi gani. Kulia na kushoto zikikaribiana nusu kwa nusu, ukuaji wa upande mmoja hauonekani. Tofauti ikifikia asilimia 10, yaani 55 kwa 45, hushukiwa kwamba upande wenye nyingi bado unakua. Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam ina kitengo cha tiba ya nyuklia, na mgonjwa akitumwa huko asishtushwe na jina la taasisi. Hajaambiwa ana saratani. Mjamzito hafanyiwi. Pia skani haiamui peke yake, kwa kuwa kiungo chenye uvimbe au maumivu nacho huvuta dawa, na kwa mtoto anayekua kila kitu huwaka. Ndiyo maana picha za bahasha ya kaki zina thamani: pale skani na picha zinaposema jambo moja, daktari hukata kwa moyo mkunjufu.

Hatua ya tano: kuelewa upasuaji unaopendekezwa

Ukuaji ukiwa hai, pendekezo la kawaida ni kufunga kiwanda chenyewe. Daktari hufungua ngozi mbele ya sikio, akafika kwenye kiungo, akaondoa sehemu ya juu ya kondile, kwa kawaida milimita tatu hadi tano, au zaidi kidogo pale anapotaka urefu wa pande mbili ulingane. Kovu hujificha kwenye mkunjo wa sikio. Hatari yake mahususi ni tawi la neva ya uso linalopita hapo na kuinua nyusi; likisumbuliwa, nyusi ya upande huo huweza kulegea kwa wiki au miezi, na mara chache kwa kudumu. Kwa kijana ambaye uso haujapinda sana, upasuaji huu ukifanywa mapema, ukifuatwa na rabba (vipira vidogo vinavyovuta meno) na bresi, huenda ukatosha.

Ukuaji ukiwa umekoma, kondile huachwa na mataya hupangwa upya. Kwa taya la chini hutumika mkato uliochapishwa na Richard Trauner na Hugo Obwegeser mwaka 1957 na kuboreshwa na Dal Pont mwaka 1961, nao ni wa akili sana. Badala ya kukata mfupa kwa kuuvuka, daktari huupasua kwa urefu nyuma ya magego, kama fundi anayetenganisha ubao kuwa mbao mbili nyembamba, kisha kipande cha ndani hutelezeshwa juu ya cha nje mpaka meno yafike mahali pake. Vipande vinabaki vinagusana kwa eneo pana, kwa hiyo huunga vizuri. Yote hufanyika kupitia ndani ya kinywa, bila kovu usoni. Ila ndani ya mfupa huo huo hupita neva inayoleta hisia kwenye mdomo wa chini na kidevu, na hiyo ndiyo sababu ya ganzi nitakayoieleza mbele.

Kwa taya la juu, mkato hupita juu ya mizizi ya meno kufuata mstari wa kwanza kati ya ile ambayo daktari Mfaransa René Le Fort aliieleza mwaka 1901 alipochunguza jinsi mifupa ya uso inavyovunjika. Taya zima la juu hushushwa, likanyooshwa au kusogezwa mbele, likafungwa tena. Mgonjwa ambaye kijiti chake kimelala huhitaji mataya yote mawili. Hata asiye na uso uliopinda, kama kidevu chake kimetokeza sana, hufaidika na kugawana kazi hiyo kati ya mataya mawili, kwa kuwa kurudisha taya la chini nyuma kwa umbali mkubwa hubana njia ya hewa nyuma ya ulimi na huongeza kukoroma. Kidevu chenyewe huweza kukatwa na kusogezwa katikati siku hiyo hiyo, na ukingo ulioning'inia huweza kuchongwa.

Muulize daktari wako maswali matatu na uandike majibu: je, ukuaji umekoma, na umejuaje, ni taya moja au mawili, na kwa nini, kuna nini nisipofanya lolote? Jibu la swali la mwisho wakati mwingine ni kwamba hakuna ubaya, na mtu anayetafuna vizuri na anayeridhika na sura yake hana deni la upasuaji kwa yeyote.

Hatua ya sita: bresi kabla ya kisu

Meno ni werevu. Taya linapopinda, yenyewe huinama kufidia, hivyo daktari wa kupanga meno huyanyoosha kwanza kila moja juu ya mfupa wake, kazi inayochukua mara nyingi mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Katika kipindi hiki sura na uumaji huharibika zaidi, kwa sababu fidia imeondolewa, na wengi hukata tamaa hapa. Mwambie mgonjwa mapema, na uwaambie na majirani kama ni lazima. Magego ya mwisho ya chini, kama yapo, hung'olewa angalau miezi sita kabla, ili tundu lijae mfupa pale mpasuko utakapopita. Meno yaliyooza yazibwe, na anayevuta sigara aache, kwa kuwa tumbaku huchelewesha kuunga kwa mfupa.

Hatua ya saba: wiki ya upasuaji

Vipimo vya damu ni wingi wa damu, kundi, selimundu, ugandaji, na mimba kwa mwanamke. Ndugu wawili au watatu wawe tayari kuchangia damu hata kama haitatumika. Chakula kizito huachwa saa sita hadi nane kabla ya dawa ya usingizi na maji matupu saa mbili kabla, kwa maelekezo ya daktari wa usingizi. Hapa kwetu niseme wazi: chai ya maziwa ni chakula. Nimeona upasuaji ukiahirishwa kwa sababu ya kikombe kimoja ambacho shangazi alikitoa kwa huruma alfajiri, na mgonjwa akarudi kwenye foleni.

Bomba la hewa hupitishwa puani ili kinywa kibaki wazi kwa kazi. Upasuaji wa mataya mawili huchukua saa kadhaa, mara nyingi tatu hadi tano. Mfupa hufungwa kwa mabamba madogo na skrubu za titani, na ukiamka meno huwa yameshikwa kwa rabba, au kwa waya pale ambapo mabamba hayakutumika au hayatoshi. Waya ukitumika, hukaa takribani wiki sita, na mkasi wa kuukatia hufungwa kwenye kitanda. Ukitoka hospitali uombe mkasi huo na uonyeshwe waya upi ukatwe, na anayekusindikiza aonyeshwe pia.

Hatua ya nane: wiki sita za mwanzo

Siku ya kwanza lala kichwa kikiwa juu kwa mito miwili au mitatu, na weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa vipindi. Uvimbe huongezeka mpaka siku ya pili au ya tatu kabla ya kuanza kushuka, kwa hiyo usihukumu matokeo kwa kioo cha wodini. Sehemu kubwa hushuka ndani ya wiki tatu na kilichobaki huchukua miezi. Aliyefanyiwa taya la juu asipenge kamasi kwa wiki mbili, na akipiga chafya afungue mdomo.

Chakula ni cha majimaji kwa kama wiki mbili, kisha kilaini kisichohitaji kutafuna hadi wiki ya sita. Kwa bahati nyanda zetu zina kila kitu. Uji wa ulezi uliochujwa ukatiwa maziwa na karanga zilizosagwa laini, supu ya maharage iliyopondwa na kupitishwa kwenye chujio, mtindi, na parachichi la Rungwe au Njombe lililosagwa kwenye blenda na maziwa humpa mgonjwa nguvu na mafuta anayohitaji. Hesabu milo midogo sita kwa siku, si mitatu, kwa kuwa tumbo hujaa upesi kwa maji. Baadaye ingia kwenye viazi vilivyopondwa na ndizi zilizoiva vizuri kwenye mchuzi. Makande na nyama ya kuchoma vingoje. Ulanzi na pombe nyingine zote ziachwe kabisa mpaka daktari aruhusu, hasa kwa aliyefungwa waya: kutapika ukiwa umelewa na meno yamefungwa ni hatari ya kifo.

Kila baada ya kula, sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi au dawa uliyopewa, na upige mswaki wa mtoto wenye nywele laini. Boda boda, mpira na kubeba ndoo ya maji kichwani visubiri mpaka daktari akuruhusu.

Safari ya kurudi ni sehemu ya tiba. Usipande basi siku unayotoka wodini. Tafuta pa kukaa Dar es Salaam angalau hadi uonwe mara ya kwanza, baada ya kama wiki moja. Njia ya Mikumi hadi Iringa ina kona za Kitonga, ambazo humtapisha hata mzima, kwa hiyo mwenye meno yaliyofungwa amuombe daktari dawa ya kuzuia kichefuchefu, akae kiti cha mbele, na mkasi wake ukae mfukoni mwa msindikizaji, si kwenye begi lililo buti ya basi. Mwenye uwezo wa kutumia ndege hadi uwanja wa Songwe ulioko Mbeya aulize kwanza kama ameruhusiwa.

Rudi hospitali yoyote iliyo karibu bila kusubiri tarehe endapo unapumua kwa shida, damu inatoka bila kukoma, homa inapanda tena baada ya siku ya tatu, uvimbe unaongezeka baada ya siku ya nne, au meno yanakutana tofauti ghafla na jana. Hilo la mwisho huweza kumaanisha skrubu imelegea, na likishughulikiwa siku chache za mwanzo ni jambo dogo.

Ganzi, na mambo mengine ya kutarajia

Karibu kila aliyepasuliwa taya la chini huamka mdomo wa chini na kidevu vikiwa na ganzi. Mate au uji huweza kumtiririka bila yeye kujua, na chai ya moto huweza kumuunguza. Kwa wengi hisia hurudi kidogo kidogo ndani ya miezi, kwanza kama wadudu wanaotambaa. Kwa baadhi, hasa wenye umri mkubwa, sehemu fulani hubaki na ganzi ya kudumu, ingawa mdomo unatembea kama kawaida. Jambo hili lielezwe kabla ya kutia saini, na mgonjwa akubali akiwa na akili zake timamu. Hatari nyingine ni maambukizi, mfupa kupasuka mahali pasipokusudiwa, na taya kurudi nyuma kidogo kuelekea lilikotoka, jambo linaloonekana zaidi pale taya lilipohamishwa umbali mkubwa.

Mazoezi ya kufungua kinywa huanza daktari anaporuhusu. Lengo ni vidole vitatu vya mgonjwa mwenyewe kupita wima kati ya meno ya mbele.

Miezi sita na kuendelea

Bresi huendelea kwa kama miezi sita baada ya upasuaji kwa ajili ya kukaza uumaji, kisha huvaliwa kifaa cha kushikilia meno usiku. Mabamba ya titani hubaki mwilini maisha yote yasipoleta shida. Endelea kupiga picha zile tatu kila miezi mitatu, ukuta uleule, umbali uleule, na uzitume kwa daktari wako kabla hujakata tiketi. Mara nyingi zitamwambia kama kuna haja ya wewe kusafiri. Aliyeondolewa ncha ya kondile afuatiliwe angalau miaka miwili, na kijiti chake cha mbao kikae kwenye bahasha ya picha, kwa sababu ncha moja ikianza kushuka tena, hapo ndipo huonekana kwanza, kabla ya kidevu.